Skana ya Epson V600 kwa picha za marehemu bibi: inafaa, ila sio kila familia inaihitaji

Watu wengi wakitafuta skana ya picha wanaangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi, hii ina 4800 dpi (yaani nukta inazosoma kwa kila inchi), hii ina 6400, wanabeba yenye namba kubwa wanaondoka. Mi naomba niiongelee hii Epson Perfection V600 kwa kazi moja tu, kazi ya kutoa kumbukumbu kwenye nyumba ya bibi au babu aliyefariki, ambapo muda ni mdogo, nyumba inatakiwa kukabidhiwa, ndugu ni wengi na kila mmoja ana jicho lake kwenye kitu fulani. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoipunguza nitaisema huko chini.

Kwanza kwanini skana, kwanini msigawane tu yaishe. Aisee picha ndo zinaleta maneno kuliko kitu chochote kwenye nyumba ya marehemu, kuliko hata samani, maana kabati ukilikosa utanunua lingine lakini picha ya bibi akiwa msichana ipo moja tu, na shangazi anaitaka, na mjomba anaitaka, na wajukuu ambao miaka yote hawajawahi hata kuuliza habari zake nao ghafla wanaitaka. Skana ikishawekwa mezani maongezi yanabadilika kabisa. Mnaambizana jamani picha kila mtu atapata, zote, tena kwa ubora uleule, kwahiyo tusichoshane hapo. Vinavyobaki kugawana ni vile visivyonakilika, cherehani, saa ya mkono, miwani, kitambaa alichodarizi mwenyewe, na hivyo ni vichache, vinaongeleka bila mtu kununa. Kwangu hiyo ndo faida ya kwanza ya hii mashine, mambo ya ubora wa picha yanafuata nyuma.

Haya, mashine yenyewe. Ni skana ya kioo cha kulala, unafunua kifuniko unalaza picha kifudifudi. Kioo ni saizi ya A4. Uzito kama kilo nne, inataka umeme wa ukutani na kebo ya USB kwenda kwenye kompyuta, haina Wi-Fi wala betri. Lijue hilo mapema kwasababu nyumba ya marehemu mara nyingi umeme ushakatwa au unakaribia kukatwa, kwahiyo ama mnaskani mapema ama mnahamisha masanduku ya picha kwenda kwa mtu, na masanduku yakishaondoka pale nyumbani ndo maswali ya nani kachukua nini yanaanza. Sisi tulikubaliana skana ikae sebuleni kwake mpaka picha ya mwisho, hakuna albamu kuvuka mlango kabla haijapita kwenye kioo.

Sio mashine mpya, iliingia sokoni 2009, ila kwa kazi hii upya hausaidii sana. Kinachosaidia ni aina ya jicho lake. Skana nyembamba za bei nafuu, zile zinazochukua umeme wa USB peke yake, nyingi zinatumia sensa inayoitwa CIS ambayo inakaa karibu kabisa na kioo, kitu kikiinuka kidogo tu kinatoka na ukungu. Hii V600 ina CCD, yenye lenzi na vioo vya ndani, inaona vizuri hata kilichoinuka juu ya kioo milimita kadhaa. Unaweza kudhani hilo ni jambo la mafundi tu, lakini vitu vya wazee havilali sawa hata siku moja. Picha zimejikunja, kitambulisho kimepinda, daftari lina mgongo mnene, kuna medali, kuna beji, kuna barua iliyokunjwa mara nne ikakaa hivyo miaka. Na kuna hizi picha zilizogandia kwenye kioo cha fremu, hizi naomba msizibandue jamani, lile tabaka la juu la picha ni jelatini, ikishashika unyevu inang'ang'ania kioo na ukivuta unabaki na uso upande huu na karatasi upande ule. Unazitoa kwenye fremu na kioo chake, unalaza hivyohivyo juu ya skana, CCD inapenya inasoma. Haitoki safi asilimia mia ila inatoka.

Kitambaa cha darizi pia tulikilaza pale. Nilidhani ni mzaha wa binamu yangu lakini kilitoka mpaka unaona uzi ulivyoingia na kutoka, unaona sehemu alipoishiwa na uzi mwekundu akamalizia na mwingine unaokaribiana. Kitambaa chenyewe alikichukua mama mdogo bila ubishi kwasababu wengine tulishakuwa nacho kwenye faili.

Sasa kitu ambacho naomba mtu akikumbuke hata kama akisahau mengine yote: skanini na nyuma ya picha. Watu wanageuza mbele tu, wanamaliza sanduku zima, halafu wanakuja kuuliza huyu aliyesimama kushoto ni nani, na wa kujibu hayupo. Nyuma ndo kuna majina, kuna muhuri wa studio, kuna mwaka, kuna namba za maabara iliyosafisha, kuna mwandiko wake. Kuna picha moja ya bibi yetu amekaa kwenye stuli ya studio, gauni la mikono mifupi, viatu vyeupe vya kamba vinang'aa, kila mtu aliyeiona alikuwa anasema mama huyu alikuwa na hali nzuri ujanani. Nyuma ameandika kwa penseli, herufi ndogo zimelala upande, "viatu vya Dada, nimerudisha jioni". Basi. Mbele ya picha inakupa mrembo, nyuma inakupa bibi mwenyewe tuliyemjua, ambaye hakukopa kitu akalala nacho. Na ile penseli ilikuwa imefifia mno, kwa simu ilikuwa haisomeki maana mwanga ulikuwa unaimeza, kwa skana unaskani kwa rangi sio kwa nyeusi na nyeupe, halafu unakaza kontrasti, maneno yanapanda yenyewe.

Majina ya faili nayo yapangeni siku ya kwanza. Sisi ilikuwa sanduku, albamu, ukurasa, namba ya picha, mwishoni A kwa mbele na B kwa nyuma. Bila hivyo mtakuwa na maelfu ya faili zinazoitwa img001 na hakuna atakayejua nyuma ipi ni ya mbele ipi.

Kuhusu resolusheni, hapa ndo pa kuokoa muda. Picha za karatasi 600 dpi inatosha, sio lazima zaidi. Ile ya inchi 4 kwa 6 kwa 600 inakupa pikseli 2400 kwa 3600, ni kama megapikseli 8.6, unaweza kuichapa mara mbili ya ukubwa wake na bado inasimama. Kwa 300 utaweza kuchapa saizi ileile tu, kwa 1200 faili linakuwa kubwa mara nne na unachoongeza sanasana ni punje za karatasi. Zile picha ndogondogo za pasipoti au zenye ukingo wa mikatomikato ndo nazipandisha mpaka 1200 maana zenyewe ni ndogo mno. TIFF (faili zito linalotunza kila kitu) au JPEG (jepesi, lililobanwa)? Inchi 4 kwa 6 ya 600 kwenye TIFF bila kubana ni karibu MB 26, kwahiyo hesabu diski yako. Tulitunza TIFF za zile muhimu na barua zake, nyingine zote JPEG ya ubora wa juu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwenye kifuniko kuna taa ya pili kwa ajili ya negativu (filamu iliyotoka kwenye kamera, rangi zikiwa kinyume) na slaidi (kipande cha filamu kwenye fremu yake ndogo), na hapa V600 inapita mbali simu na skana za ofisini. Inakuja na fremu za plastiki, negativu za milimita 35 unapanga vipande viwili vya picha sita sita, slaidi zinaingia nne, na zile filamu pana za kamera za zamani ina fremu yake pia. Msitupe negativu! Nasema hivi kwasababu kwenye kusafisha nyumba bahasha za negativu ndo za kwanza kwenda kwenye mfuko wa takataka, mtu anaona ni vipande vya plastiki vyeusi, kumbe mle kuna picha ambazo hazikuwahi kuchapwa kabisa kwasababu wakati ule mtu alichagua mbili tatu tu za kuchapisha. Tulimkuta babu, ambaye kwenye albamu zote kasimama kama mlingoti, anacheka mdomo wazi amefumba macho, bila shaka waliona imeharibika hawakuichapa. Saa hizi ndo picha yake ambayo kila mjukuu anayo kwenye simu.

Kwa negativu 2400 mpaka 3200 dpi inatosha. Ile 6400 ya kwenye boksi ni ya kuuzia, ukiipandisha hadi huko faili linavimba lakini detali haziongezeki kwa kiasi hicho. Kuna kitu kinaitwa Digital ICE kinachofuta vumbi na mikwaruzo kwa kutumia mwanga wa infraredi, kwenye negativu za rangi kinafanya kazi nzuri sana ila kinarefusha muda. Kwa negativu za kawaida za nyeusi na nyeupe kizime, kwasababu picha yenyewe ni fedha na fedha inazuia infraredi, mashine inadhani picha nzima ni uchafu inaanza kufuta nyuso za watu. Na ukifungua bahasha ya negativu ukasikia harufu kali ya siki, zitenge mbali na nyingine na uziskani kwanza, ile filamu imeanza kuoza na haisubiri.

Albamu zenye kurasa za gundi na nailoni ya kufunika juu, mnazijua, zile ukifunua nailoni inalia kama inachanika, ni adui. Gundi inakula picha kwa nyuma. Uzi wa kusafishia meno ndo dawa, unaupitisha chini ya kona unausokota taratibu kushoto kulia, picha inaachia bila kukunjika. Ikikataa usishindane nayo, laza ukurasa mzima kwenye kioo. Kifuniko cha hii mashine hakitalala vizuri juu ya albamu nene, funika kitambaa cheusi pembeni mwanga usiingie, matokeo ni yaleyale.

Binamu yangu ni mtu wa simu, alishikilia tangu mwanzo kwamba skana ni kupoteza muda, apu ya PhotoScan ya Google ya tangu 2016 ipo na ni ya bure. Nampa haki yake. Ile apu inapiga picha halafu inakutembeza kwenye vidoti vinne, inaunganisha zote na kuondoa mng'ao, na kwa fremu za ukutani au picha kubwa kuliko A4 ni msaada mkubwa. Kwa kasi inaishinda skana bila mjadala. Tukagawana kazi: yeye alipita nyumba nzima na simu, na jambo la maana kuliko yote alilofanya ni kupiga picha kila chumba kabla hatujagusa kitu, kila droo ikiwa imefunguliwa ilivyokuwa, meza ya pembeni ya kitanda na miwani juu ya redio na kalamu ndani ya kisanduku cha miwani. Ukishahamisha vile vitu huwezi kuvirudisha vilivyokuwa, na mpangilio wake nao ni mtu. Skana isingeweza hapo. Ila kwa mwandiko, kwa picha ndogo, kwa negativu, simu ilibaki nyuma.

Tukishamaliza picha ndo tukakaa kugawana vitu, na hapa nitaongea kidogo ingawa sio skana. Vyeti, hati, vitabu vya benki na chochote chenye thamani ya pesa vilitoka kwanza vikaenda kwa msimamizi wa mirathi, hivyo sio kumbukumbu, ni mali, na hamuwezi kuchanganya hivi viwili kwenye kikao kimoja mkatoka mnasalimiana. Alivyoahidi mwenyewe akiwa hai vikaenda kwa walioahidiwa. Vilivyobaki, swali likawa moja tu: utakitumia au utakiweka? Cherehani aliitaka mtu ambaye angeiweka kama pambo na aliitaka pia dada yetu anayeshona, ikaenda kwa anayeshona, na pale ndo nikaona faida ya kuwa tumeshamaliza picha, hakuna aliyetoka mikono mitupu. Redio yake ilienda kwa mjomba, tuliifungua mgongo kwanza tukakuta betri zimevuja zamani, kwahiyo kabla hamjagawana chochote kinachotumia betri, tochi, saa ya ukutani, redio, toeni betri siku hiyohiyo.

Mimi niliomba daftari la madeni. Wengine walishangaa. Ni daftari la kawaida, bibi aliandika nani anadaiwa na nani kalipa, aliyelipa anapigwa mstari mmoja ulionyooka kwa rula, aliyeshindwa kabisa anawekewa nukta tu pembeni na haendelei kuandikwa. Nililiskani lote kwa 400, likagawiwa kwa wote, lakini lenyewe nilitaka kulishika, na kuna sehemu ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unasikia alivyokuwa anakandamiza kalamu. Faili halina hilo. Sikubaliani kabisa na watu wanaosema ukishaskani choma, kinachofanya skana iwe na maana ni kwamba wengi wanapata nakala ili mmoja atunze asili yake bila kinyongo cha wengine.

Kwenye kugawa faili sasa, msitume WhatsApp kama picha. WhatsApp kwa kawaida inabana, ile 2400 kwa 3600 uliyoisubiri mashine inafika kwa mjomba imekuwa ndogo, haikubali tena kuchapwa kubwa. Tuma kama dokumenti, au weka kwenye folda ya mtandaoni gawa linki, na wazee wapeni flash mkononi. Nakala tatu, sehemu mbili tofauti, moja isikae nyumba moja na nyingine. Asili zenyewe ziingie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, sio mifuko ya nailoni laini inayonuka, na ukitaka kuongeza jina nyuma tumia penseli laini, kalamu ya wino inapenya mpaka mbele.

Ile nyota niliyopunguza. Mashine ni polepole. Negativu za rangi ukiwasha ICE unaweza kuweka, ukaenda kupanga nguo za marehemu chumbani, ukarudi bado inaguna. Programu yake inajua kutambua picha kadhaa kwenye kioo na kuzikata kila moja peke yake, hilo zuri, ila inapenda kukata karibu mno na picha zenye ukingo mweupe inakula ukingo, kwahiyo acha nafasi ya vidole viwili kati ya picha na picha na uangalie kabla hujabonyeza. Fremu za plastiki za negativu ni laini laini na negativu iliyojikunja haishiki vizuri, tulizilaza chini ya vitabu vizito kwanza. Na kioo kinapenda vumbi, nyumba iliyofungwa muda ina vumbi kila mahali, pata kipampu cha mkono cha kupulizia na kitambaa kisichoacha manyoya, usimwagie dawa moja kwa moja juu ya kioo, inaingia kwenye kingo ikakaa ndani.

Nani asinunue? Kama mna albamu moja au mbili na hakuna negativu, simu inatosha, pesa hiyo fanyieni kitu kingine. Kama mna slaidi mamia kwa mamia, hapo pelekeni kwa watu wa kazi hiyo, maana nne nne mtazeeka, ila mzihesabu na kuzipiga picha kabla ya kukabidhi na mchukue risiti yenye idadi, asili haina nyingine. Waliopo katikati, masanduku kadhaa, mchanganyiko wa karatasi na negativu na barua na takataka takatifu za kila aina, hiyo ndo mashine yao, na changeni ukoo mzima sio mtu mmoja.

Iliyotumika haina shida, hii yetu yenyewe tuliipata kwa mtu aliyemaliza ya kwao. Kabla hujalipa, angalia fremu zote za negativu zipo, adapta yake ya umeme ni yenyewe, kebo ya USB ipo, halafu skani kioo kitupu kifuniko kikiwa kimefungwa uone kama kuna mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini, ikiwepo kuna uchafu au ubovu kwenye sensa ndani na hiyo iache hapohapo. Ukungu kidogo upande wa chini wa kioo sio tatizo kubwa. Kama kompyuta yako ni mpya na programu ya Epson inasumbua, kuna programu nyingine ya kuskani, VueScan, inaziendesha hizi skana za zamani, ni ya kulipia lakini ipo toleo la kujaribu.